Ndege wa ajabu mashamba ya chumvi Micheweni, ni heroe au?

Kijana wa Micheweni
Asalaam alaykum wanajamvi. Huku kwetu Pemba kuna ndege kashuka kwenye majaruba ya chumvi, miguu mirefu, shingo ndefu, mdomo umepinda kwa chini. Yuko peke yake. Wenzangu wanasema flamingo lakini flamingo si wa pinki jamani? Huyu kijivu kijivu tu, mpaka akunjue bawa ndo unaona wekundu kidogo. Na wale si wa Ziwa Natron huko bara, bahari yote hii kaivukaje?

Bi Mikoko
Waalaykum salaam mwanangu. Heroe huyo, ndo hao flamingo, tena bado mtoto. Wanazaliwa hawana hiyo pinki, wanaipata kwenye chakula, vijidudu vya majini jamii ya uduvi na mwani ule mdogo mdogo, na inachukua kama miaka miwili mitatu mpaka ikolee. Sasa wapo wa aina mbili, kwa hiyo muangalie mdomo vizuri, heroe mdogo mdomo wake ni wa giza wote, heroe mkubwa mtoto mdomo wa kijivu lakini ncha ndo nyeusi. Na kimo pia, mkubwa anafika hata mita moja na nusu, yule mwengine hata mita hafiki.

Mzee wa Mkoani
Hilo la Natron ni la heroe mdogo, ndiko wanakozalia karibu wote wa Afrika Mashariki. Mkubwa yeye hata pwani anakaa, popote penye maji ya chumvi na matope. Na kuvuka si tabu, wale wanaruka usiku na wanakwenda mamia ya kilomita, toka Tanga mpaka Pemba ni kama 50 tu. Chakula kikipungua au maji yakizidi huko waliko wanatawanyika, na hawa watoto ndo hupotea njia. Kijana angalia na miguu kama ana pete ya watafiti, ikiwepo soma namba.

Kijana wa Micheweni
Shukran sana. Leo maji yalipokupwa nimemsogelea kiasi, anakula kichwa kimepinduka juu chini na anachapa chapa matope kwa miguu. Ncha ya mdomo nyeusi kabisa! Akisimama na yangeyange wale hawamfiki hata nusu. Pete hana. Shida ni watoto, wanamrushia mawe.

Bi Mikoko
Basi heroe mkubwa, mashaallah. Ongea na mwenye shamba awakataze hao watoto, na wewe usimkimbize ili upate picha nzuri, kila akirushwa anapoteza nguvu na kala kidogo. Andika tarehe, saa, na maji yalikuwaje, halafu peleka na picha Tanzania Bird Atlas, wale wanaokusanya taarifa za ndege nchini, hata hiyo ya simu inatosha maana mdomo unaonekana.

Kijana wa Micheweni
Mwenye shamba nshamwambia, kasema lile jaruba halikaushi mpaka ndege aondoke mwenyewe. Picha natuma usiku nikipata bando.