Naomba ushauri: mwaka wa kujengwa kwa kigango chetu

Ndugu zangu, Tumsifu Yesu Kristo. Nimepewa kazi ya kuandika historia ya kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia) cha kijiji chetu cha wavuvi, nami nimekwama kwenye mwaka. Jiwe la juu ya mlango limeliwa na chumvi; ukipitisha kidole unahisi 19, halafu 2 au 7, basi. Wazee wanabishana (mmoja anahesabu kwa mitumbwi ya babu yake!). Daftari la ubatizo la parokia halitaji ujenzi.

Kanuni 1208 ya Sheria za Kanisa inataka kanisa likibarikiwa iandikwe hati, nakala moja ibaki jimboni. Je, hata vigango vidogo huandikiwa? Na barua ya kuomba hati hiyo nimwandikie chansela (mtunza nyaraka za jimbo) moja kwa moja, au nipitie kwa paroko?