Naomba ushauri: kasino yenye meza za karata na sehemu ya kupumzika

Wakuu habari zenu, nipo Tanga huku Raskazone, mwisho wa mwaka nataka nitoke na wife siku chache, mimi napenda blakijeki (karata za kutafuta 21) ile ya mezani kabisa, dila anagawa karata unamwona, sio hizi mashine za kubonyeza bonyeza, yeye hachezi hata kidogo anataka bwawa na usingizi tu. Nimeifikiria Sun City kule Afrika Kusini, masaa kama mawili kwa gari toka Johannesburg, kuna mawimbi ya kutengeneza na mbuga ya Pilanesberg ipo jirani, ila nauli jamani! Au nicheze Dar usiku mmoja halafu tukalale Bagamoyo ufukweni?

Kwa mliofika Sun City, meza zao blakijeki inalipa 3 kwa 2 au 6 kwa 5? Maana ukiweka elfu kumi ukapata 21 kwa karata mbili za kwanza, faida ni tofauti ya 15,000 na 12,000, sio mchezo. Na dau la chini wikiendi linaanzia ngapi? Bajeti ya kucheza nimeshaitenga, ikiisha naenda kuogelea. Wanaosema kamari haifai nawaheshimu, ila leo naomba majibu ya meza tu.