Baba hasemi tangu apate kiharusi: ubao wa picha, simu au tableti ya macho?

Binti Langoni (Lamu)
Asalaam aleikum. Baba yangu, nahodha, ana miaka 67. Kiharusi kilimpata miezi minne iliyopita. Mguu wa kulia umeanza kurudi kwa mazoezi, mkono kidogo, ulimi bado. Akisemeshwa anaelewa, ila jibu lake ni neno moja tu kwa kila jambo: "hapo, hapo." Juzi alilia. Tulimletea maji mara tatu, kumbe mguu ndio unaomuuma. Kwenda Mombasa kila wiki kwa tiba ya usemi hatuwezi, ni mashua hadi Mokowe kisha basi. Tumetajiwa ubao wa picha, programu ya simu inayosema, na tableti inayofuata macho. Pesa ni za mchango wa ndugu, sitaki tukosee.

Mjukuu wa Shela
Pole sana dada. Sisi kwa bibi tulianza na simu. Sauti ya Kiswahili ipo kwenye simu nyingi za Android, bila malipo. Lakini bibi aliikataa. Simu inasema "njaa", naye tangu azaliwe husema "ndaa". Maji kwake ni "mai". Alikuwa akiisukuma simu kando kama kitu cha mgeni. Tukatafuta programu inayokubali kurekodi, mama akatia sauti yake mwenyewe, kila picha na neno lake kwa Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu. Siku ya kwanza bibi alibonyeza "ndooni", yaani njooni, mara tatu, nyumba nzima ikaja ikakaa naye. Ubaya wa simu ni chaji, na kioo hakionekani juani pale barazani.

Tabibu wa usemi (Malindi)
Binti, kwanza jueni baba ana nini. Sehemu ya lugha kwa watu wengi iko upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Kwa ulivyoeleza, inaelekea ni afasia, yaani lugha yenyewe imeharibika ubongoni. Mwenye afasia mara nyingi kuandika nako kumeharibika, kwa hiyo herufi hazimfai, picha zinamfaa. Aliye na lugha kamili ila misuli ya kinywa imelegea, huyo ndiye wa herufi. Tableti ya macho ni ya asiyeweza kusogeza mkono. Baba ana mkono wa kushoto mzima, msiinunue. Nambie, Alhamdu anaisoma?

Mke wa Mvuvi (Malindi)
Mume wangu ni yule wa macho. Neva zinazoendesha misuli zinakufa, akili timamu. Tunatumia plastiki angavu yenye herufi, nakaa mbele yake nasoma anapotazama. Stephen Hawking, yule mwanafizikia Mwingereza, naye alipopoteza sauti mwaka 1985, alianza kwa kuinua nyusi akionyeshwa herufi kwenye kadi. Kadi tuliyopewa sisi ilipangwa kwa Kiingereza, inaanza na E na T. Tulichoka! Kiswahili ni A, A, A. Nikaipanga upya, A, I, N, U na K mbele, Q na X nikazitoa. Sasa ananiita kwa jina kabla sijamaliza kufuta miwani.

Binti Langoni
Tabibu, Alhamdu anaisoma yote, mwanzo hadi mwisho! Ndiyo maana wengine mtaani wanasema anajifanya.

Tabibu wa usemi
Hajifanyi hata kidogo, na waambieni hivyo. Sura, dua, kuhesabu, siku za wiki, haya ya kukariri mara nyingi hubaki hata pale maneno ya kutunga yanapopotea. Mlango huo utumieni. Imbeni naye sentensi fupi kwa mahadhi, "na-ta-ka mai", huku mkigonga mkono wake wa kushoto kila silabi. Tiba hiyo ya mahadhi ilianzia Boston miaka ya 1970. Kidogo kila siku, na ubao uwe karibu. Ubao hauzuii ulimi kurudi.

Binti Langoni
Basi ni ubao, kisha simu yenye sauti ya kaka. Leo nimepiga picha: kahawa, mto, msikiti, jahazi lake, na mguu wake mwenyewe. Kesho nazipeleka zikatiwe plastiki. Ila "ndiyo" na "la" anazichanganya, nifanyeje?

Tabibu wa usemi
Gumba juu, gumba chini. Kisha mgeuzie swali: "Unaumwa?" halafu "Huumwi?" Akikubali yote mawili, au akikataa yote mawili, mwonyeshe picha.