Mliofanikiwa kuisukuma halmashauri ikaitengeneza shule ya mtaa wenu, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Singida

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku kwetu, na kila tukikaa hoja ni ileile: mchango. Ukuta umepasuka, mchango. Madawati yamevunjika, mchango. Sipingi kuchangia, shule nyingi za nchi hii zilisimama kwa nguvu za wananchi. Kinachoniuma ni kwamba kudai kumesahaulika. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ufute ada na michango ya lazima, kuanzia Januari 2016, wazazi wengi wanasema shule ni ya serikali, wao haiwahusu. Wachache wanaoendelea kuchangia nao hawaulizi halmashauri imetenga nini kwa ajili ya shule yao. Mzazi anayetimiza sehemu yake na papo hapo anaibana serikali itimize ya kwake, huyo simuoni.

Naomba tusimuliane yaliyotokea kweli. Mlianzia mlango gani? Nani aliwasikiliza? Karatasi gani ilihitajika? Hata mambo madogo yaandikeni, nani aliandika barua, mhandisi mlimpata vipi. Hayo ndiyo yanayotukwamisha sisi.

Mzazi, Simiyu

Mkuu, asante kwa mada. Kwetu watoto wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wanatembea karibu kilomita sita, na njiani kuna mto. Masika ukijaa hakuna kwenda shule. Wengi walikuwa wanaanza darasa la kwanza wakiwa na miaka tisa au kumi, maana hakuna mzazi atakayemwachia mtoto wa miaka sita avuke maji yale. Tukaamua kujenga shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama lililo karibu na watoto. Mzee mmoja akatoa eneo, tukaandikishana naye mbele ya serikali ya kijiji na watoto wake wakiwepo. Eneo la kupewa kwa mdomo huja kugeuka kesi ya mirathi.

Tulifyatua tofali wenyewe, kina mama wakasomba maji na mchanga, boma likafika kwenye lenta. Hapo likasimama. Mvua imelinyeshea misimu miwili halina paa, majani yameota ndani. Miaka yote tulikuwa tunasikia "wananchi wainue boma, serikali itapaua", kumbe boma letu halikuwamo kwenye orodha ya mtu yeyote kule halmashauri.

Aliyetutoa ni mwenyekiti wa kitongoji. Alishikilia kwamba jambo hili liingie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kisheria kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na liandikwe kwenye muhtasari kuwa kipaumbele cha kwanza cha kijiji. Muhtasari ukapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako mwenyekiti ni diwani. Tangu siku ile diwani akawa anatetea uamuzi wa kamati yake mwenyewe, sio kilio cha watu wa kitongoji cha mbali. Mhandisi akaja, akakataa ukuta mmoja, tukaubomoa na kuujenga upya kwa kufuata ramani aliyotuletea. Ulitutia uchungu sana ule ukuta. Fedha za kupaua ziliingia mwaka wa fedha uliofuata.

Jambo jingine ni majira. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na halmashauri huanza kupanga bajeti miezi ya mwisho wa mwaka wa kalenda unaotangulia. Mkifika na ombi mwezi wa nne mtasikilizwa vizuri na mtarudi mikono mitupu. Halafu zile fedha za UVIKO-19 za 2021, zilizojenga madarasa 15,000 nchi nzima na 3,000 kati ya hayo kwenye shule shikizi, kijiji cha jirani zetu walizipata kwa sababu kituo chao kilikuwa kimeshaorodheshwa. Sisi wakati ule tulikuwa hatujaandika chochote.

Mama wa wanafunzi wawili, Mwanza

Sisi shida yetu ilikuwa vyoo. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kina mama wa kikoba chetu tulikwenda shuleni, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, tukahesabu. Wasichana walikuwa zaidi ya 500, matundu yanayotumika 6. Walipaswa kuwa na 25.

Tuliyaandika hayo tu kwenye karatasi moja. Kikao cha wazazi afisa elimu kata alikuwepo, mwenzetu mmoja akasimama akasoma, akakaa. Hakumlaumu mtu. Afisa akaiomba ile karatasi aondoke nayo. Miaka yote tulikuwa tunalalamika "vyoo havitoshi" na hakuna aliyestuka, siku ya namba ndiyo watu walistuka, hata sisi wenyewe.

Yamejengwa matundu 10 na chumba cha kujisitiria wasichana wakiwa kwenye hedhi. Maji bado, wanabeba kwenye ndoo kutoka nyumbani. Karatasi ya maji tunaiandaa.

Mwalimu mkuu mstaafu, Mara

Nataka wazazi wajue fedha zenyewe zilivyo, maana bila hivyo madai yanakwenda kwa mtu asiyehusika. Wakati wangu ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango kilichotokana na enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002. Kati ya hizo 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni zinafika 6,000. Gawanya kwa miezi 12 unapata 500. Shule yangu ilikuwa na watoto wapatao 600, kwa hiyo 300,000 kwa mwezi: chaki, karatasi, mitihani, michezo, kitasa kilichoharibika, kila kitu humo humo.

Wazazi walikuwa wanaamini mwalimu mkuu anakula mamilioni. Nikaanza kubandika kila fedha iliyoingia na ilivyotumika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi, na kamati ikasoma mbele ya mkutano. Maneno yakaisha. Kilichonishangaza ni kilichofuata: wazazi walewale waliokuwa wananishuku ndio waliokwenda kwa diwani kuuliza kwa nini fungu ni dogo namna hii na kwa nini mwezi mwingine halifiki. Mimi nikiwa mtumishi nisingeweza kuuliza vile nikasikilizwa.

Wajumbe wa kamati, ombeni ubao huo. Mwalimu mwaminifu utamlinda.

Mzazi, Temeke

Naomba nitofautiane kidogo. Huku mjini neno "ushirikiano wa wazazi" limetumika sana kuturudishia ada kwa mlango wa nyuma. Fedha ya mlinzi, fedha ya mtihani wa wiki, mtoto asiyelipa anarudishwa nyumbani. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, sisi wenye kipato cha siku tulipumua kweli. Najua walimu wakuu wengi waliogopa baada ya hapo hata kupokea msaada wa hiari, na hilo lina madhara yake. Lakini mkisimulia mafanikio semeni pia yule asiye na kitu alifanywaje.

Madai yetu sisi ni shule kugawanywa. Watoto wanasoma mikondo miwili, wengine asubuhi wengine mchana, na bado darasa linapita mbali ile idadi ya wanafunzi 45 ya mwongozo. Hatujafanikiwa. Kila tukifika jibu ni kwamba hakuna eneo. Hivi sasa tunakusanya majina ya viwanja vya umma vilivyo wazi katani, ili tukirudi jibu hilo lisitumike tena.

Mwanzisha mada, Singida

Ndugu yangu wa Temeke, hoja yako naipokea yote. Mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango haikubaliki, na kamati inayokaa kimya inashiriki kosa. Hilo la viwanja ukifika nalo popote tupe taarifa, wengi wa mijini wamekwama hapo hapo.

Mzazi wa Simiyu, wale wasio na uwezo mliwafanyaje?

Mzazi, Simiyu

Hakukuwa na fedha. Kila kaya ilipangiwa siku ya kazi. Wazee, wagonjwa na wajane wenye watoto wadogo mkutano uliwasamehe, majina yakasomwa kabla kazi haijaanza ili asije mtu kuwasumbua baadaye. Mtoto wa shule hakuguswa kwa deni la mzazi wake.

Mzazi, Kilifi

Nami nichangie kutoka huku Kenya. Sisi tulipoteza muda mrefu kwa mwakilishi wadi tukidai madarasa ya msingi, na kila mara tunaahidiwa. Mwalimu mmoja kijana ndiye aliyetufungulia Katiba ya 2010: Jedwali la Nne limeipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, shule za msingi na sekondari ziko kwa serikali ya kitaifa. Basi tukaligawa ombi. La chekechea tukalipeleka kwenye kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti, la madarasa likaenda kwa NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya majimbo ya ubunge, likiwa na barua ya bodi ya shule. Darasa la chekechea limeisha na watoto wamo ndani. Yale mengine yako kwenye orodha, tunafuatilia.

Nyinyi wa Tanzania mna nafuu kwamba msingi na sekondari zote ziko chini ya halmashauri.

Kijana, Lindi

Wazee wangu shikamooni. Yote haya yanategemea mkutano wa kijiji. Kwetu mtendaji haitishi. Inafanywaje?

Mtendaji wa kijiji, Iringa

Marahaba. Anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji, maana yeye ndiye anayeongoza mkutano ule, mtendaji ni katibu. Mwandikieni barua yenye majina na saini za wanakijiji, mtaje ajenda mnayoitaka. Nakala iende kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Msiache barua mezani: kila ofisi igonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu, na tarehe. Ukishakuwa na muhuri, anayefuata kuuliza kwa nini mkutano haujaitishwa ni bosi wa mtendaji. Na mje wengi siku yenyewe, mkutano usiotimiza akidi unaahirishwa na mnaanza upya.

Mwanzisha mada, Singida

Asante sana mtendaji. Mzazi wa Simiyu, ule muhtasari mliopeleka kata, ukiwa bado na nakala naomba unitumie picha yake, ufiche majina ya watu. Kamati yetu inakaa Jumamosi na nataka tuuandike wa kwetu kwa mtindo huo kabla bajeti haijafungwa.