Mbege, rubisi, ulanzi au kreti za bia: ipi ifike kwenye shughuli?

Mjukuu wa Kibosho
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Mwishoni mwa Agosti tunafanya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa babu, hapa hapa Dar, watu kama 80. Baba ni wa Kibosho, Kilimanjaro, mama wa Bukoba, mke wangu nimemtoa Njombe. Kikao cha familia kimegawanyika mara tatu, mbege, rubisi na ulanzi, halafu kuna vijana ambao wao wanasema leta kreti za bia yaishe. Vyote nimewahi kuonja, ila sijawahi kuvipima kimoja kwa kingine. Naomba ulinganisho wa ladha, ukali, na kipi kinavumilia safari na joto la huku. Nawasilisha.

Kata Moja
Mkuu, mzee wa Kibosho akumbukwe bila mbege? Wazee wakija utawatazama usoni?

Haya, tuache utani. Wengi wanadhani mbege ni pombe ya ndizi, basi. Ni vitu viwili vinavyopikwa mbalimbali vikaja kukutana mwishoni. Ndizi zilizoiva kweli kweli zinachemshwa mpaka zinageuka wekundu wa udongo, kisha zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Hiyo ndiyo nyalu. Pembeni unapika uji wa unga wa kimea cha ulezi (ulezi uliooteshwa ukaanikwa), ndio mso. Nyalu inachujwa, mso ukishapoa vinachanganywa, na kesho yake watu wanakaa. Gome la msesewa linatiwa kwa kiasi, lile ndilo linaleta uchungu. Ukizidisha, hata nzi haji.

Mdomoni inaanza na utamu, uchachu unafuata, halafu zile chenga za ulezi zinabaki kwenye ulimi (na kwenye masharubu, kama unayo). Ni nzito. Mtu aliyemaliza kata mbili, yaani vibuyu viwili vya kunywea, haulizi chakula kiko wapi.

Mwana wa Kagera
Umeeleza vizuri, ila hapo kwenye kuchemsha ndipo mnapoua ndizi. Sisi rubisi haioni moto. Ndizi zikishaiva zinamenywa, zinakandamizwa na nyasi mpaka juisi inaachia, enzi zile kwa miguu kabisa, mwanamume amenawa mpaka magotini. Inachujwa, inaongezwa maji, unatia unga wa mtama uliokaangwa, vyote vinaingia kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, unafunikwa majani ya migomba. Siku moja au mbili iko tayari.

Kwa hiyo ulinganisho wangu ni huu: mbege ni uji ulioamka, rubisi ni juisi iliyoamka. Rubisi ni nyepesi kooni, ina harufu ya ndizi isiyoona moto na ya mtama ulioungua kidogo. Hatari yake ndiyo hiyo hiyo: inapita kirahisi. Mbege inakushibisha kabla haijakulewesha. Rubisi haina huruma hiyo.

Mbeta ya Jioni
Shemeji yetu wa Njombe pole, maana Agosti ulanzi hakuna. Ulanzi unafuata mvua. Chipukizi la mwanzi likiwa bado changa linakatwa ncha, mgema analichonga upya asubuhi na jioni, utomvu unadondokea kwenye mbeta, yaani pingili ya mwanzi iliyofungwa pale pale. Mvua zikikatika na mianzi inanyamaza. Atakayekuletea "ulanzi" mwezi huo, muulize ameugema wapi. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyo wa Agosti hata usimsifu.

Ila kwa ajili ya kumbukumbu tu: kama unapenda kitu ambacho hakijaguswa na sufuria, hakuna unaoufikia. Haupikwi, hautiwi kimea, unaanza kuchachuka ukiwa bado juu kwenye mwanzi. Wa asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata bibi asiyekunywa anaonja. Ukilala unakuwa mkangafu, na hapo tena si kinywaji cha mtu mwenye safari.

Mchuja Maneno
Samahani wakuu, ulanzi si bia. Bia ni nafaka. Huo ni mvinyo wa mwanzi.

Mbeta ya Jioni
Nikishakunywa lita mbili utanieleza tofauti.

Mchuja Maneno
Haha, sawa. Lakini sijaja kubishana tu, kuna kitu nataka kuongeza upande wa vijana na kreti zao.

Bia ya chupa na mbege ni ndugu, tofauti yake ni kwamba moja imesimamishwa. Bia hii ya rangi ya dhahabu tunayoijua ilianzia Plzeň, mji wa Czech ya leo, mwaka 1842, kwa fundi wa Bavaria aitwaye Josef Groll. Mwaka 1883, Copenhagen, Emil Christian Hansen wa kiwanda cha bia cha Carlsberg akaweza kutenga aina moja ya hamira na kuikuza peke yake, ndiyo maana chupa ya leo na ya mwakani zina ladha moja. Halafu bia nyingi huchujwa na kupashwa moto wa kama nyuzi 60 ili hamira iliyobaki ife. Ikifika mezani haina tena kinachoendelea ndani yake. Mbege inaendelea. Unapoinywa saa sita mchana na unapoinywa saa kumi ni pombe mbili tofauti.

Na uchungu wa bia ya chupa unatokana na maua ya hopsi. Kata Moja ametaja msesewa: mmea mwingine, kazi ile ile.

Jirani wa Busia
Tusker ndiyo ina hadithi nzuri. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda Nairobi mwaka 1922. George akauawa na tembo mwaka uliofuata, na bia ikapewa jina la tembo mwenye pembe kubwa. Hebu fikiria.

Kwetu shughuli kama hiyo ingekuwa na busaa, unga wa mahindi uliochachushwa ukakaangwa, kisha kimea. Na jirani zetu Wateso wana ajono: chungu katikati, maji ya moto yanaongezwa, kila mzee na mrija wake mrefu. Michoro ya zamani ya Mesopotamia inaonyesha watu wakinywa bia kwa mirija vilevile. Mjukuu, nakuuliza: hao wageni 80 watakaa pamoja au kila mtu na meza yake? Kreti inamfaa mtu anayekaa peke yake na simu.

Mama Kimea
Nimewasoma wote, wanaume mnaonja sana mnapika kidogo. Mwanangu, kinachokusumbua wewe ni saa, si ladha. Mbege iliyochanganywa Kibosho Ijumaa si ile itakayoshuka Dar Jumamosi. Huko mlimani kuna ubaridi, inakwenda polepole. Ikishateremka kwenye joto inakimbia.

Niliwahi kupakia dumu la lita 20 kwenye buti ya basi, nimelijaza hadi juu na kifuniko nimekikaza kwa nguvu zote, najiona mjanja. Tulipokaribia Korogwe likasikika kama tairi limepasuka. Dereva akasimama. Buti kufunguliwa, mbege inatiririka kwenye mabegi ya watu, na gunia la karanga la mama mmoja limelowa lote. Nililipa karanga zile, na hadi Ubungo hakuna aliyenisemesha.

Fanya hivi. Agiza nyalu peke yake, iliyokwisha chachuka, madumu yasijae, kifuniko kilegee kidogo, yasimame wima. Unga wa kimea uje mkavu kwenye mfuko. Mso upikwe huku huku jioni ya kuamkia shughuli, upoe kabisa ndipo uchanganye. Asubuhi onja, ukiona povu limepanda na utamu bado upo, gawa mapema. Usingoje hotuba ziishe. Kama kimea utatengeneza mwenyewe, loweka ulezi, uote, uanike mpaka uvunjike kwa kidole. Ukiwa na ukungu usiutumie, tupa.

Ukali usiniulize namba. Tusker imeandikwa asilimia 4.2 na ndivyo ilivyo. Kata haina maandishi, inategemea ni lini imechanganywa na nani aliyeongeza maji. Kwa hiyo wanaoendesha gari wape soda, usiwaambie "hii ni nyepesi".

Mwana wa Kagera
Mama, na rubisi je?

Mama Kimea
Rubisi ina siku moja nzuri, baba. Siku hiyo usiitumie barabarani. Wakwe wa Bukoba wakitaka, watafute ndizi sokoni Dar waikamue hapo hapo, miguu wanayo.

Mjukuu wa Kibosho
Nimepiga simu Kibosho jana, shangazi amekubali kuandaa nyalu madumu manne. Kreti nimepunguza nusu, vijana wamenuna. Mke wangu ameusoma uzi huu, anasema mwakani kumbukumbu ihamie Machi.

Mbeta ya Jioni
Shemeji ana akili.