Asilimia 5 ya nini, na kwa muda gani? Tumechoka kupigwa na majedwali hapa Tanga

Wakuu heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la elimu. Huu ni wa hasira, uacheni hapa hapa.

Mimi ni mama wa kukaanga samaki na bajia, Ngamiani, Tanga mjini. Hesabu kidato cha nne nilipata D, sijifichi. Lakini D hiyo hiyo imenitosha kujua kwamba mji huu una watu wanaishi kwa kutegemea alama moja tu, ile ya viduara viwili na mstari wa mshazari katikati: %.

Nilitaka friji la kuhifadhia samaki. Samaki nawafuata Deep Sea alfajiri, jua likishakolea na wateja hawajafika naanza kuuza kwa hasara, na wengine wanaishia kwa paka. Basi nikaingia ofisi moja ya mikopo, jina nalihifadhi, sitaki kesi. Ukutani wamebandika jedwali zuri la rangi: kiasi, muda, riba. Mstari wangu ulisomeka 600,000, miezi 6, 5%. Kijana wa mezani akaniamkia vizuri, shikamoo mama, karibu kiti mama. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii tano ni tano ya nini?"

"Ya mkopo wako, mama. Tano tu. Huko nje wenzetu wanakukata ishirini."

Na kweli, kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba ya kunyonya, tunazijua, kuna watu mtaani kwangu wamehamishwa na makochi yao. Nikapiga hesabu kichwani: asilimia 5 ya laki sita ni elfu thelathini. Jumla 630,000, gawanya kwa miezi sita, 105,000 kila mwezi. Nikaona naweza. Nikasaini.

Mwezi wa kwanza nafika na 105,000 yangu naambiwa imepelea 25,000. Rejesho ni 130,000. Nikadhani wamekosea jina. Kumbe tano ile ni ya KILA MWEZI. Elfu thelathini mara sita, laki moja na themanini. Jedwali lote lile, rangi zote zile, maneno mawili "kwa mwezi" hayakupata nafasi! Asilimia 5 kwa mwezi ni asilimia 60 kwa mwaka, jamani. Aniambie mtu kama wangeandika 60% pale ukutani ningevuka kizingiti.

Sasa subirini, hapo bado sijafika penye uchungu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, akachukua daftari akaniambia mama hebu tuandike mwezi kwa mwezi. Kila mwezi narudisha laki moja ya mkopo wenyewe na elfu thelathini ya riba. Mwezi wa kwanza nadaiwa laki sita, elfu thelathini ni asilimia 5, haya sawa. Mwezi wa nne deni limebaki laki tatu, lakini riba bado elfu thelathini, hiyo tayari ni asilimia 10. Mwezi wa sita nadaiwa laki moja tu, na nalipa elfu thelathini ile ile. Asilimia 30! Wanasema riba yao haibadiliki. Shilingi ndiyo haibadiliki, asilimia inapanda kila ninavyopunguza deni. Yaani ninavyokuwa mwaminifu ndivyo ninavyochunwa.

Wangehesabu riba kwa deni lililobaki, ingekuwa elfu 30, 25, 20, 15, 10, 5. Jumla 105,000. Mimi natozwa 180,000. Elfu sabini na tano hapo katikati imezaliwa na swali moja ambalo sikuuliza: tano ya deni la mwanzo au tano ya deni lililobaki? Na jedwali lingejibu bila hata kuulizwa, kama lingetaka.

Ah, na "fomu na bima" walikata asilimia 5 nyingine mlangoni. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Elfu thelathini yangu haikusubiri hata jioni. Mkononi nilipokea 570,000. Riba wakahesabu kwa 600,000. Weka pembeni maneno matamu: nimepewa 570,000, narudisha 780,000. Ziada ni 210,000, karibu asilimia 37 ya nilichoshika, kwa nusu mwaka. Hiyo ndiyo "tano tu".

Tangu siku ile kila ninapoona % nasimama kama nimeona nyoka. Mume wangu anasema nimekuwa mgonjwa.

Wiki mbili baadaye kikao cha wazazi shuleni kwa mdogo wake binti yangu. Wamechora grafu kwenye karatasi kubwa, nguzo mbili, ya mwaka juzi fupi kama kigoda, ya mwaka jana imepanda kama mnazi. Wazazi makofi. Mwalimu: "Ufaulu umepanda kwa asilimia 6, kutoka 62 hadi 68." Mjumbe wa kamati akasimama akasema mwalimu anajipunja, ni karibu asilimia 10. Wakaanza kubishana mbele yetu, na mimi nikagundua wote wako sawa ila hawasemi kitu kimoja. Kutoka 62 hadi 68 umeongeza pointi 6. Lakini hizo 6 ukizilinganisha na 62 ulizoanza nazo, ni karibu asilimia 10. Mmoja anahesabu kwa wanafunzi wote, mwingine kwa waliofaulu mwaka juzi. Kila mtu achague lugha yake lakini aseme ya nini!

Nguzo zenyewe sasa. Nikasogea karibu, miwani puani. Ule mstari wa kusimama, chini kabisa, haukuanza na sifuri. Umeanza na 60. Kwa hiyo nguzo ya 62 ina urefu wa hatua 2, ya 68 ina urefu wa hatua 8. Mara nne! Kwa macho shule imepanda mara nne. Nikauliza kwa adabu, "Samahani mwalimu, waliofanya mtihani walikuwa wangapi?" Hamsini mwaka juzi, hamsini mwaka jana. Basi waliofaulu ni 31, halafu 34.

Watoto watatu.

Sisemi watatu si kitu, kila mmoja ana mama yake. Lakini mnazi mzima ule kwa watoto watatu? Mwaka huu wakiugua homa watatu siku ya mtihani tunarudi kwenye kigoda, na hakuna mwalimu aliyefundisha vibaya. Wazazi wakanitazama kama mchawi.

Kijiweni kwa mume wangu nako wanashangilia redio imesema mfumuko wa bei umeshuka. Wastani ulikuwa asilimia 3.8 mwaka 2023, ukawa 3.1 mwaka 2024. Mzee mmoja ananigombeza kwa nini bajia hazishuki bei. Nikamwambia mzee wangu, ulishapanda basi la Lushoto kutoka Mombo? Kwenye kona dereva anapunguza mwendo. Basi limeanza kushuka? Halijashuka, bado linapanda, ila polepole. Bei ni hivyo hivyo. Kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Alinyamaza kidogo halafu akaagiza kahawa, sijui kama alielewa au alinichoka.

UPDATE 1: Mnaosema ni wivu wa mikopo, someni tena. Nimechukuliwa 180,000 badala ya 30,000 niliyodhani, huo si wivu.

UPDATE 2: Kuna mkuu kaandika hapo chini kwamba vifo vya wajawazito sasa ni "104 tu nchi nzima" kwa hiyo tuache kelele za takwimu. Kaka yangu, hiyo 104 ni kwa kila vizazi hai 100,000, kwenye utafiti wa afya wa 2022. Vizazi kwa mwaka nchi hii ni mara nyingi zaidi ya laki moja, zidisha mwenyewe. Utafiti wa 2015/16 ulisema 556 kwa laki hiyo hiyo, kwa hiyo punguzo ni asilimia 81, jambo la kushukuru kabisa. Lakini ukikata maneno "kwa kila laki moja" umewafuta akina mama wengi kwa kidole, kama vile yule kijana alivyofuta "kwa mwezi".

Na wewe wa Bagamoyo unayesema Tanga kila ugonjwa tunaongoza: kwa watu wangapi? Sensa ya 2022 Tanga tulihesabiwa 2,615,597, Pwani mlikuwa 2,024,947. Tuseme, mfano tu, sisi tuna wagonjwa 260 na nyinyi 220. Kwa idadi tumewazidi. Kwa kila watu laki moja sisi ni karibu 10, nyinyi ni karibu 11. Haya, nani aende hospitali?

Halafu aliyesema watu wa nchi hii wameongezeka asilimia 32 kati ya 2012 na 2022 kwa sababu ukuaji ni 3.2 kwa mwaka mara kumi: hapana. Tulitoka 44,928,923 tukafika 61,741,120, hiyo ni zaidi ya asilimia 37. Watoto waliozaliwa nao wanazaa, na asilimia ya mwaka wa pili inahesabiwa juu ya watu waliokwisha kuongezeka. Deni la kausha damu likilala nalo linazaa hivyo hivyo, msije mkasema sikuwaambia.

UPDATE 3: Leo asubuhi nimerudi ofisini. Nimeomba karatasi inayoonyesha kila mwezi nadaiwa kiasi gani, riba kiasi gani, na ni asilimia ngapi ya nini. Kijana akasema, "Mama, mbona wateja wengine hawaulizi haya?" Nikamwambia mwanangu, ndiyo maana mna kiyoyozi. Nimeambiwa nirudi Jumatatu meneja atakuwepo. Nitakwenda na binti yangu na kikokotoo chake, cha shule, si kile cha kupigia mafao ya wastaafu.

Kama kuna mwingine hapa Tanga ana jedwali kama lile, apige picha aibandike hapa. Funika jina la ofisi, acha namba zionekane.