A Clockwork Orange: kitabu nilikimaliza, filamu imenishinda. Ni mimi tu?

Msomaji wa Usiku:

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza A Clockwork Orange ya Anthony Burgess, nakala yenye sura 21, kisha nikaitafuta filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1971 kwa hamu kubwa. Nimeizima pale Alex, kijana mhuni anayeisimulia hadithi, na genge lake wanapovamia nyumba ya mwandishi mmoja. Anampiga mume mateke huku akiimba "Singin' in the Rain", anamkata mke nguo kwa mkasi, na kila teke linaangukia kwenye mdundo. Ukatili wenyewe haukuwa mgeni kwangu, kitabuni uvamizi huo upo na niliusoma wote. Kilichonitisha ni kwamba mguu wangu ulikuwa unafuata wimbo.

Kitabuni Alex anasimulia kwa lugha ya mtaani aliyoibuni Burgess, maneno mengi kayachota kwenye Kirusi. Kurasa za mwanzo unapapasa tu. Watu wanapigwa mbele yako na wewe bado unahangaika kujua nani kafanya nini, ukija kuelewa umeshavuka ukurasa. Filamu haikupi nafasi hiyo.

Sasa, Kubrick kaupendezesha ukatili au mimi ndiye mwoga? Na kwa nini kaiacha sura ya mwisho, ambayo Alex wa miaka 18 anakutana na Pete, mwenzake wa zamani kwenye genge, aliyekwisha kuoa, naye anaanza kuzichoka fujo na kutamani mtoto? Mliofika mwisho, niendelee?

Mzee wa Sinema:

Mkuu, endelea. Nusu ya pili ndiyo filamu yenyewe. Serikali inajaribu kumtoa Alex ukatili kwa nguvu: wanamfunga kwenye kiti, kope zimeshikiliwa kwa vyuma asiweze kufumba, anaonyeshwa picha za ukatili huku dawa ikimtia kichefuchefu. Yule anayemdondoshea matone machoni alikuwa daktari kweli, na bado Malcolm McDowell, aliyeigiza Alex, alichubuka konea, ngozi ya mbele ya jicho. Utajikuta unamhurumia Alex, na ndicho Kubrick alichokuwa anakitaka kwako tangu mwanzo.

Kuhusu sura ya 21: Kitabu kilitoka Uingereza mwaka 1962, sehemu tatu zenye sura saba saba. Burgess aliikusudia hesabu hiyo kwa kuwa 21 ndio ulikuwa umri wa utu uzima. Mchapishaji wa Marekani, W. W. Norton, akaikata sura ya mwisho, na Wamarekani hawakuipata kwenye toleo lao hadi 1986. Kubrick aliitumia nakala ya Marekani. Alipokuja kuisoma ile nzima, mswada wake wa filamu ulikuwa karibu umekwisha, na hakuona sababu ya kuubadilisha.

Mimi niko upande wake. Isome tena sura hiyo. Alex anasema mwanawe naye atafanya yale yale, na yeye hataweza kumzuia. Majuto yako wapi hapo? Kachoka tu. Mtu kabaka, kaua, halafu naambiwa ni ujana, unapita wenyewe. Afadhali mwisho wa filamu, yule mnyama karudi alivyokuwa na serikali inampigia makofi.

kibodi7:

Nimeiangalia yote na wali mkononi. Mna mioyo ya karatasi nyie. Si ndiyo hii ilipigwa marufuku Uingereza?

Mzee wa Sinema:

Haikupigwa marufuku. Bodi ya filamu ya kule iliipitisha. Magazeti yalianza kuihusisha na uhalifu wa vijana, familia ya Kubrick ikatishiwa, na mwaka 1973 yeye mwenyewe akaomba isionyeshwe tena nchini humo. Akafa 1999, ikarudi kwenye kumbi mwaka 2000. Kabla hajafa, ukumbi wa Scala wa London uliionyesha bila ruhusa, ukapelekwa mahakamani na kushindwa.

Binti Kurasa:

Msomaji, huna uwoga wowote. Mzee, kwa heshima zako, hapa tutatofautiana.

Kila mjadala wa kazi hii unamzunguka Alex. Ana uhuru wa kuchagua? Serikali imemwonea? Sawa, lakini yule mke aliyekatwa nguo ni nani? Mwaka 1944 mke wa Burgess alishambuliwa London na wanajeshi wa Kimarekani, na Burgess mwenyewe alikihusisha kitabu na tukio hilo. Sasa angalia: mwandishi anayevamiwa riwayani anaandika kitabu kiitwacho A Clockwork Orange, na Alex anakichanachana mbele yake. Burgess kajiweka ndani ya nyumba ile. Kubrick kakiondoa hicho, akatuachia mzee wa kutoa macho na kupiga kelele, wa kuchekwa.

Swali lako la kwanza mimi nalijibu hivi: kilichopendezeshwa ni Alex. Riwayani ana miaka 15, na wale wasichana wawili wa duka la sahani za muziki ni watoto wa miaka kumi. Anawalewesha na kuwanajisi, wanaondoka wakipiga mayowe. Kwenye filamu wamekuwa mabinti wakubwa, wamekubali wenyewe, picha inakimbizwa kasi na muziki wa Rossini juu yake, watu wanacheka. McDowell naye alikuwa na miaka 27, mrembo, ana ulimi mtamu. Kila mahali ambapo riwaya ingekufanya umchukie, filamu imepalainisha. Halafu tunashangaa mguu kufuata wimbo!

Msomaji wa Usiku:

Nashukuru sana. Nimeirudia, na kwenye lile tukio nikazima sauti. Bila wimbo ni watu wanne wanaumiza watu wawili, basi. Nikarudisha sauti nikaenda hadi mwishoni, hospitalini, Waziri wa ile serikali anamlisha Alex kwa uma, naye kila akimaliza anaachama kama kinda la ndege. Hapo nilicheka, na sioni haya, maana anayechekwa ni Waziri.

Dada Binti, nimeifungua tena sura ya nne. Kweli ni miaka kumi. Nilipita juu juu kwa sababu ya ile lugha, kwa hiyo pazia nililokuwa nalisifia kule juu lilinificha hadi watoto. Sijui kama ni sifa tena.

Mzee, sura ya 21 siitupi. Kuchoka si toba, hapo nakubali. Ila filamu inaniambia Alex ni yule yule milele, na hilo siliamini hata kidogo. Kibodi7, wewe sura ya mwisho uliionaje?

kibodi7:

Kitabu bado sijasoma mkuu. Kina kurasa ngapi?